Maswali ya Wasomaji: Gini inahesabu nani?

Swali. Jambo ndugu wahariri. Ninaandika TFC yangu (kazi ya kumaliza masomo) ya sosiolojia hapa Lubumbashi. Kitabu nilichoazima kinasema Gini (kipimo cha tofauti kati ya walio nacho na wasio nacho: 0 ni usawa kamili, 1 ni mmoja kuchukua vyote) ya Kongo ilikuwa 0.42 mwaka 2012, na ya Afrika Kusini 0.63 mwaka 2014. Nikitoka Katuba ya wanyonge nikaingia Golf ya matajiri, macho yangu yanakataa. Kweli sisi tuna usawa kuliko wao? Na hesabu yenyewe hufanywaje? *Mwanafunzi, Katuba*

Jibu. Ndugu yetu, macho hayajadanganya na kitabu hakijakosea. Tuanze na hesabu, maana wengi huinakili Gini bila kuikokotoa hata mara moja.

Chukua nyumba tano za barabara moja. Matumizi yao ya mwezi, kwa maelfu ya faranga, ni 100, 150, 200, 250 na 800. Zipange kuanzia ya chini, uzipe namba 1 hadi 5. Zidisha kila kiasi kwa namba yake, ujumlishe: 100 + 300 + 600 + 1,000 + 4,000 = 6,000. Mara mbili yake ni 12,000. Gawa kwa 7,500, yaani nyumba 5 mara jumla ya matumizi, 1,500. Unapata 1.6. Sasa toa 6/5 (idadi ya nyumba na moja juu yake, kugawa kwa idadi ya nyumba), ambayo ni 1.2. Gini ni 0.40. Wote wangetumia sawa, ingekuwa 0.

Yule wa tano ana geti, mlinzi na mbwa. Mhojaji wa uchunguzi wa matumizi anapiga hodi mara tatu, kila mara anaambiwa bosi hayupo, basi anaondoka na nyumba nne. Rudia hesabu: Gini imeshuka hadi 0.18, na pale barabarani hakuna kilichobadilika.

Au tuseme alifungua na akasema ukweli: anatumia 800 lakini anaingiza 2,000, na zinazobaki zinakwenda benki na kununua lupango (kiwanja). Majirani wanakula chote wanachopata. Ukipima mapato badala ya matumizi, Gini inaruka hadi 0.58. Ndiyo sababu Kongo na Brazili hazilinganishwi hivi hivi: tarakimu za nchi nyingi za Afrika ni za matumizi, zile za Amerika ya Kusini kwa kawaida ni za mapato.

Kwa Afrika Kusini, hata hivyo, sababu hiyo haikusaidii, kwa kuwa ile 0.63 nayo ni ya matumizi. Hapo kumbuka kwamba Gini hupima mgawanyo, si umaskini. Mahali ambapo karibu kila faranga inaishia kwenye unga na makaa, ziada ya kurundikwa na wachache ni ndogo, na Gini haina pa kupandia. Halafu uchunguzi huuliza nyumba za watu wanaoishi nchini. Faida ya mgodi inayolipwa kwa mwenye hisa aliye ng'ambo haionekani katika dodoso lolote la Katuba wala la Golf. Kwa mkoa wenye shaba kama huu, hiyo inastahili ukurasa mzima wa TFC yako.

Ukihesabu mwenyewe, angalia mambo haya. Kwa nyumba tano Gini haifiki 1; hata mmoja akichukua vyote inaishia 0.8, kwa hiyo usiiweke kando ya Gini ya taifa. Gawa matumizi kwa vichwa: nyumba ya watu 10 inayotumia 250 iko chini ya nyumba ya watu 2 inayotumia 100. Na kodi ya nyumba iliyolipwa kwa dola ibadilishe kwa bei ya mwezi wa uchunguzi, si ya siku unayoandika.

Swali. Nimehesabu madarasa ya sheferi (eneo la chifu) moja yenye mgodi, kabla na baada ya Sheria ya Madini (Code minier) ya 2018. Yameongezeka. Naweza kuandika kwamba redevansi (malipo ya kampuni za madini kwa serikali) imepunguza tofauti kati ya matajiri na maskini? *Msomaji, Kampemba*

Jibu. Hapana, bado. Sheria ya Machi 2018 inagawa redevansi hivi: 50% serikali kuu, 25% mkoa, 15% mji, komine, sekta au sheferi, na 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Lakini Septemba 2019 shule za msingi za serikali zilianza kuwa za bure, na watoto waliongezeka hata pasipo na mgodi. Tafuta sheferi isiyo na mgodi, uhesabu huko pia. Kwa mfano, kwako yametoka 12 hadi 20, kwao 10 hadi 15. Kwako 8, kwao 5: unachoweza kudai ni 3, tena kama kabla ya 2018 zote mbili zilikuwa zikienda kwa mwendo mmoja. Pata walau miaka mitatu ya nyuma kuthibitisha. Sheferi inayopakana kabisa na mgodi haifai, kwa kuwa familia huhamia kazini na kuvuruga pande zote mbili.

Na darasa si usawa. Nenda na daftari la majina, uone ni watoto wa nani wanaokaa humo.

Swali. Ni kweli nchi ikiendelea tofauti hupanda, kisha hushuka zenyewe? *Msomaji, Ruashi*

Jibu. Hiyo ni hoja ya mchumi Simon Kuznets ya mwaka 1955, iliyojengwa juu ya data chache za Marekani, Uingereza na Ujerumani. Mwenyewe alikiri kwamba ushahidi wake ulikuwa labda 5%, na 95% ni kukisia. Ule mshuko alioutazama ulipita katikati ya vita vikuu na kodi nzito kwa matajiri. Neno "zenyewe" lifute.