Mizani nane kwa nane katika shairi la Kiingereza
Ndugu yangu wa Kisauni, umeuliza kwa nini shairi lako la Kiingereza, lililotimiza mizani (silabi) nane ukwapini, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, na nane utaoni, nusu ya pili, halighaniki. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu na huchukua muda unaokaribiana, hivyo sikio huisikia hesabu. Kiingereza huenda kwa mkazo, na "strengths", pamoja na konsonanti zake zote, ni silabi moja sawa na "a", huku "fire" wengine wakilitamka kwa silabi mbili. Mshairi Mmarekani Marianne Moore alitunga kwa kuhesabu silabi, ila mpangilio wake huonekana zaidi karatasini. Wewe mghani, hesabu mikazo: minne kila mshororo yatosha, na silabi nyepesi ziache zipungue na kuongezeka. Vina vya kati, kwa maoni yangu, viache kabisa.