Bima ya Afya kwa Mwenye Kisukari

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi cherehani hapa Mbale, Uganda, nina kisukari na shinikizo la damu. Dawa na vipimo hunigharimu shilingi 180,000 kila mwezi. Wakala mmoja ameniletea bima ya shilingi 1,400,000 kwa mwaka: kulazwa hadi milioni 20, maradhi sugu hadi 800,000, baada ya kusubiri miezi 12. Ananishauri nisitaje kisukari kwenye fomu ili nisisubiri. Nifanyeje? – Msomaji, Mbale

JIBU: Ndugu msomaji, usifiche. Kampuni ikigundua kwamba ulijua ugonjwa wako na hukuutaja, inaweza kukataa kulipa hata kuuvunja mkataba, na daftari lako la kliniki litakuumbua siku ya kwanza utakapolazwa. Siku hiyo atakayebanwa ni wewe uliyetia saini, wala si wakala, ambaye kamisheni yake ameshaichukua. Mwombe akuonyeshe leseni yake kutoka Mamlaka ya Udhibiti wa Bima. Akisitasita, achana naye.

Sasa tupige hesabu. Matibabu yako ni shilingi 2,160,000 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza utalipa ada ya bima na bado utanunua dawa zote kwa fedha zako. Kuanzia mwaka wa pili zile 800,000 zitakwisha kabla ya mwezi wa tano kumalizika. Kwa hiyo bima hii haitakutibu kisukari; itakusaidia ukipata ajali, au malaria kali ya kulazwa, na hiyo milioni 20 iliyoandikwa kwa herufi kubwa ndiyo hasa unayoilipia.

Lakini hata hiyo ina swali lake, ambalo kwangu ni zito kuliko mengine yote: figo zikidhoofika kwa sababu ya kisukari au kidonda cha mguu kikikulaza, je, gharama zitahesabiwa chini ya kulazwa au zitasukumwa kwenye maradhi sugu? Taka jibu kwa maandishi. Uliza pia kama mkataba huhuishwa kila mwaka bila kupimwa upya, na kama insulini imo katika orodha ya dawa.

Muswada wa bima ya afya ya taifa uliopitishwa na Bunge mwaka 2021 haukupata saini ya Rais, hivyo usiusubiri. Huduma katika hospitali za serikali, ukiondoa wodi za kulipia, hazitozwi ada tangu 2001, ingawa dawa huadimika mara kwa mara. Endelea na kliniki ya kisukari huko, ununue nje kile tu kinachokosekana.

Kama wewe ni mwanachama wa SACCO au ushirika wa mafundi, waulizeni kampuni mbili tatu bei ya kundi zima. Kwa makundi, masharti kuhusu magonjwa ambayo mtu anayo kabla ya kujiunga mara nyingi hulegezwa, na kipindi cha kusubiri huweza kufupishwa au kuondolewa. Mkikubaliana, jina lako na ugonjwa wako viandikwe vilevile vilivyo.