Ndege kubwa ikija uwanja mdogo: kwa nyie mnaoanza kazi ya rampu

Wadogo zangu mnaoingia kazi ya rampu, yaani kuhudumia ndege ikiwa imeegeshwa, huku mikoani Uganda, Gulu, Arua, Soroti, na nyie mtakaopelekwa Kabalega pale Hoima, nawaandikia hii kwa sababu ipo siku redio itawaambia kuna ndege kubwa inakuja na haikuwa kwenye ratiba. Labda ranwei ya Entebbe imeziba, labda mvua ya ziwa imekalia pale haitaki kutoka, labda ni shehena ya msaada au mkubwa fulani anakuja kutembelea. Siku hiyo kila mtu atatoa simu apige picha mpaka watoto wa kwenye fensi, lakini nyie msiwe kwenye hilo kundi.

Swali nataka mlizoee kuuliza kabla ndege haijaonekana hata angani ni hili: itaondokaje? Maana wote huwa wanawaza itatuaje, kutua ni kazi ya rubani na ranwei ya Gulu inapita kilomita 3, ya Kabalega ni kilomita 3.5, hapo ndege nyingi kubwa zinakaa vizuri tu. Kazi yetu inaanza ikishasimama.

Angalieni ya Arusha Desemba 2013. Boeing 767 ya Ethiopian Airlines ilikuwa inaenda Kilimanjaro ikatua Arusha, ranwei ya mita 1,620, uwanja wa ndege ndogo kama Caravan na ATR, ikapitiliza ikaingia kwenye majani. Mwezi mmoja kabla ya hapo huko Wichita, Marekani, ile 747 ya Boeing inayobeba vipande vya ndege, Dreamlifter, ilitua Jabara badala ya McConnell, na Jabara ranwei yake haifiki hata mita 1,900. Kote hakuna aliyeumia, shukrani kwa Mungu, ila ya Wichita ilibidi watu wapige hesabu za uzito, waigeuze, na ikaondoka kesho yake. Sisi ndege yetu itakuwa imekuja kwa makusudi, sawa, lakini swali la kuitoa ni lile lile.

Sasa muone ukubwa wenyewe. CRJ900 ya Uganda Airlines mabawa yake ni karibu mita 25 na ikijaa kabisa ni tani 38 hivi. A330-800 ya kampuni hiyo hiyo mabawa ni mita 64 na inaweza kuruka na tani 251. Hiyo si CRJ iliyoongezwa kidogo, ni kitu kingine kabisa, na aproni, yaani sehemu ya kuegeshea ndege, iliyochorwa kwa ndege ndogo mistari yake haikusaidii, ile mistari ya njano isahau, simamisha mtu kila upande wa bawa na wewe unayeongoza ukiacha kumuona mmoja wao unasimamisha ndege hapo hapo, usione aibu, rubani atakushukuru.

Tobaa, ile fimbo ya chuma ya kuunganisha trekta na ndege, ndo jambo linalosahaulika kuliko yote. Kila aina ya ndege kubwa ina kichwa chake cha tobaa, ile ya ATR haishiki A330, na hata ukiipata trekta lako la kuvutia mizigo halitasukuma tani 200. Kwa hiyo kama hakuna tobaa na trekta lake, hiyo ndege usiiingize mahali itakapohitaji kusukumwa nyuma. Iache mahali itageuka na kutoka kwa nguvu zake yenyewe, hata kama ni mbali na jengo na abiria watatembea, watembee. Na mkumbuke kugeuka nako kuna hesabu, ranwei kubwa kwa kawaida ina upana wa mita 45 na 777-300ER haiwezi kugeuka nyuzi 180 ndani ya upana huo, inataka pedi ya kugeukia, kama pedi haipo mnara ujue mapema, isije ikafika mwisho wa ranwei ikabaki pale na uwanja wote ukafungwa.

Kwa 747 ongezeni na majani. Injini zake mbili za nje zimeachana karibu mita 42, sasa njia ya kupitia ndege ya uwanja mdogo inaweza kuwa na upana wa mita 15 au 18, piga hesabu mwenyewe uone injini ziko wapi: juu ya majani, juu ya changarawe, juu ya chupa za maji mlizotupa. Chini zinavuta, nyuma zinapuliza. Mimi hapo sina mchezo kabisa, ndege ya injini nne ikija nataka kingo zote zifagiliwe na zitembelewe kwa miguu, na ngazi, mikokoteni, koni, kila chenye uzito mdogo nyuma yake kiondolewe, na Caravan zilizoegeshwa karibu zifungwe au zihamishwe, maana upepo wa injini hizo ukiongezwa ili ndege ianze kusogea unaweza kuzigeuza.

Halafu ulizeni APU, ile injini ndogo ya mkiani inayotoa umeme na hewa ya kuwashia injini kubwa, inafanya kazi? Liulizwe ndege ikiwa bado hewani. Kama APU imekufa na nyie hamna mashine ya hewa ya kuwashia injini, wakizima zote wamelala hapo. Wakijua mapema wanaweza kuacha injini moja inaunguruma, na hapo nyie mnabadilisha mpango mzima wa nani anakaribia upande gani.

Ngazi pia. CRJ inateremsha ngazi yake mwenyewe mlangoni, ndo maana mtu anaweza kufanya kazi muda mrefu asiwaze habari za ngazi. A330 mlango uko zaidi ya mita 4 juu. Kama ngazi ya kufika huko hakuna, abiria wanabaki ndani, na wakibaki ndani wanataka maji, choo na hewa, wazee wanataka dawa, watoto wanalia. Kwa hiyo anayepiga simu kwa uhamiaji na forodha asingoje ndege ifike, na mwambieni kapteni ukweli kuhusu muda, msimpe dakika kumi za kumfurahisha.

Breki: ndege nzito ikitua breki zake zinazidi kupata moto dakika kadhaa baada ya kusimama. Kukaribia gurudumu nenda kutoka mbele au nyuma, kamwe usitokee ubavuni usawa wa ekseli, maana rimu au tairi likipasuka vipande vinaruka kwa upande. Na taa nyekundu ya tumboni ikiwa bado inawaka hakuna anayeisogelea ndege, hata kama meneja anapiga kelele.

Mafuta na zimamoto hayo ni ya wakubwa zenu lakini yajueni. Tangi za A330 zinabeba lita kama 139,000, boza lenu moja ni kidogo sana kwake, kwa hiyo kuongeza mafuta kunaweza kula masaa. Zimamoto hupangwa kwa urefu wa ndege na upana wa mwili wake, CRJ900 inaangukia kategoria ya 6 na A330-800 ya 8, hapo ndo utaelewa kwanini wenye ndege wanauliza kwanza kabla ya kuja.

Lami nayo tusiidharau. Kuna namba ya nguvu ya lami, zamani PCN, tangu Novemba 2024 ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, wamehamia PCR, na ranwei inaweza kuwa na namba nzuri huku aproni ni dhaifu. Ndege nzito ikikaa masaa mahali pamoja juani, lami inalainika na magurudumu yanazama. Kwa hiyo nendeni kila baada ya muda muangalie chini ya tairi, mkiona lami imeanza kubonyea semeni mapema wakati bado inaweza kusogezwa.

Na ikishaondoka msikimbilie chai. Tembeeni njia yote iliyopitia, kingo, pedi, pale iliposimama, okoteni mawe yaliyorushwa, angalieni nyufa mpya na taa zilizovunjika, halafu mwambieni mnara mlichokiona, kwa sababu Caravan ya jioni inatua hapo hapo.