Nina VA, Medicare ya Nini Tena?

Kadi yangu ya Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, ilifika miezi mitatu kabla sijatimiza miaka 65. Nilipoona kwamba ada ya sehemu yake iitwayo Part B ingekatwa kwenye pensheni yangu kila mwezi, nilichukua kalamu niikatae. Nina asilimia 70 ya ulemavu wa kijeshi, mgongo na masikio, tangu nilipotoka vita vya Ghuba mwaka 1991. Kwa asilimia 50 kwenda juu VA, idara ya serikali inayotibu waliokuwa wanajeshi, inakuweka Kundi la 1, hulipi daktari wala dawa. Sasa bima nyingine ya nini?

Mke wangu ndiye aliyeishika ile karatasi. "Baba, hospitali ya VA iko mwendo wa saa moja u nusu. Ukianguka usiku nikupeleke wapi?"

Sikumjibu, ila sikusaini.

Februari iliyofuata kifua kilinibana saa nane za usiku. Gari la wagonjwa halikuniuliza nilipigana wapi. Lilinipeleka hospitali iliyo karibu, dakika kumi, na kabla ya alfajiri nilikuwa nimeshawekewa kijibomba (stenti) cha kuuzibua mshipa wa moyo. Nikalazwa siku tatu. Bili zilipoanza kuingia ndipo nikajifunza jambo ambalo maveterani wengi wenzangu kutoka nyumbani Afrika Mashariki hawalijui: kitanda cha hospitali hulipwa na Part A, sehemu nyingine ya Medicare, lakini madaktari wanaokuhudumia ukiwa juu ya kitanda hicho hicho hudai kupitia Part B. Kama ningesaini ile karatasi, bili zao zingekuja kwa jina langu.

Ni kweli VA inaweza kulipia dharura ya nje, ila kwa masharti, na inatakiwa ijulishwe ndani ya saa 72. Mwambie mkeo au mwanao habari ya saa hizo 72 leo, kwa sababu wewe utakuwa umelala na mipira puani. Na usitarajie mifuko hii miwili ichangiane. Medicare hailipii matibabu ndani ya hospitali ya VA, na VA haikulipii gharama ambazo Medicare inakuachia ulipe mwenyewe. Kila ukienda kwa daktari unachagua mlango mmoja.

Rafiki yangu mmoja aliikataa Part B. Alipoitaka baadaye, ilikuwa imepita miaka mitatu kamili. Adhabu ni asilimia 10 ya ada kwa kila miezi 12 uliyochelewa. Mwaka 2025 Part B ilikuwa dola 185 kwa mwezi, yeye akaongezewa dola 55 na senti 50, na nyongeza ya namna hiyo haifutiki hadi kaburini. VA, pamoja na uzuri wake wote, haihesabiwi kama kinga dhidi ya adhabu hiyo. Inaniuma, maana alidhani anaokoa pesa za karo ya wajukuu.

Kwa dawa mambo ni tofauti: dawa za VA zinatambuliwa kama bima, kwa hiyo Part D, sehemu ya Medicare ya dawa, sikuchukua, na nikibadili mawazo siku za mbele sitatozwa faini mradi bado niko VA. Wale wanaopiga simu kuuza mipango ya nyongeza nawaambia wanipe maandishi kwanza. Kila jimbo lina washauri wa Medicare wanaosaidia bure, na mimi nilikwenda kwao kabla ya kuongea na muuzaji yeyote.

Mkeo usimsahau. VA yangu haimhusu mke wangu hata kidogo. CHAMPVA, bima ya VA kwa familia, humfikia mke wa aliyepewa ulemavu wa kudumu na kamili, na asilimia 70 yangu haifiki huko, kwa hiyo yeye anashikilia bima ya kazini kwake mpaka afike 65. Waliotumikia miaka 20 na kustaafu rasmi wana TRICARE for Life, bima ya jeshi inayoongezea Medicare, lakini nayo haifanyi kazi bila Part B.

Mwenye nia ya kurudi kuishi Mombasa au Tanga moja kwa moja, hesabu yake ni nyingine. Medicare haivuki bahari, isipokuwa katika hali chache sana. VA hulipia ng'ambo maradhi yaliyotokana na jeshi tu. Mgongo wangu watautibu, moyo hawataugusa. Huyo atafute bima ya huko huko kabla hajafunga mizigo, na kama atakuwa anakuja Marekani mara kwa mara, aendelee kuilipia Part B.