Anza Kunywa Maji Ukiwa Bado Nairobi

Wiki hii mmeuliza: anayesafiri kwenda sehemu kame afanye nini asiishiwe maji mwilini wala kupasuka midomo? Kazi yangu hunipeleka Marsabit, kaskazini mwa Kenya, na mara nyingine hadi Loiyangalani, kwa hiyo naomba kujibu.

Shida haianzii jangwani. Inaanzia hapa Nairobi, kwenye basi la usiku, kwa sababu abiria wengi hawanywi maji wakiogopa kushikwa na haja njiani. Akina mama ndio huumia zaidi. Utamwona mtu amekumbatia chupa tangu Thika, kifuniko hakijafunguliwa, na mkifika Isiolo midomo imempauka na kichwa kinamgonga. Siwalaumu hata kidogo. Kuna madereva hawasimami hata uwasihi vipi, na wakisimama ni kando ya kichaka. Wenye mabasi watangaze mapema watasimama wapi, mtu apange kunywa kwake.

Kwa sasa, kunywa kidogo kidogo kutwa nzima kabla ya safari, kisha ndani ya basi upige funda moja moja. Mkojo ukiwa wa manjano iliyokolea, ongeza maji. Usingoje kiu, hasa kama unasafiri na mzee, maana uzeeni kiu hupungua hata mwili unapohitaji maji.

Ukishuka kutoka Mlima Marsabit kuelekea Jangwa la Chalbi, jasho hukauka kabla hujaliona, ukadhani hutoki jasho kabisa. Ukishinda juani au ukiharisha, maji matupu hayatoshi. Nunua ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, kwenye kemisti, au changanya lita moja ya maji safi na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote visawazishwe. Chumvi isizidi hapo.

Sasa midomo. Ngozi yake ni nyembamba na haina mafuta yake ya kuilinda. Upande wa Loiyangalani upepo hubanwa kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia, ukapita kwa kasi. Ndiyo sababu mitambo 365 ya umeme wa upepo ilijengwa huko. Katika upepo huo, kulamba midomo ni kuichokoza: mate hukauka mara moja, yakaiacha mikavu kuliko mwanzo, na yana kemikali za kusaga chakula zinazoiwasha ngozi iliyokwisha chubuka. Paka Vaseline isiyo na manukato kabla hujatoka nje na kabla ya kulala. Mchana tumia mafuta ya midomo ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi. Yale ya mentholi yanayochonyota yaache dukani. Kuchonyota huko si dalili ya kupona. Leso au shuka ikifunika pua na mdomo husaidia sana, kwani unavuta hewa yenye unyevunyevu wa pumzi yako mwenyewe.

Magamba usiyabandue. Na ukirudi Nairobi, kama pembe za mdomo bado zina vidonda baada ya wiki mbili, nenda kliniki: huenda ni fangasi au upungufu wa madini ya chuma, na hapo Vaseline haitatosha.