Jibu: Spesa ya kabureta na injini inayotetemeka

Salaam, ndugu yangu. Umeeleza kwamba tangu uweke spesa ya alumini, yaani kipande cha kuinua kabureta, chini ya kabureta ya pikapu yako, injini hutetemeka usipokanyaga mafuta, na ukiizima ikiwa na moto kwenye foleni ya feri pale Likoni, haikubali kuwaka upesi.

Kabla ya kugusa jeti, vile vitundu vya kabureta vinavyopima petroli, kagua kama kuna hewa inayopenya, kwani gasketi iliyokuwa moja sasa ni mbili. Injini ikinguruma, nyunyiza maji ya sabuni kidogo kwenye maungio; mngurumo ukibadilika, ndipo panapovuja. Yangu ilinisumbua wiki nzima, kumbe stadi (boliti za kushikilia kabureta) za zamani zilikuwa fupi na nati zilishika nyuzi tatu tu.

Kuhusu kukataa kuwaka, alumini hupitisha joto la manifoldi, yale mabomba ya kuingizia hewa na petroli kwenye injini, hadi kwenye bakuli la kabureta, petroli ikachemka. Kwa joto letu la Mombasa ningeweka ya plastiki ngumu. Tena, kama spesa yako ina tundu moja pana, mvuto wa hewa hupungua injini ikizunguka polepole, ingawa mwendo wa kasi hunufaika. Kwa gari la mjini, chagua yenye matundu yanayolingana na koo za kabureta, yaani njia zake za hewa. Ukishaziba uvujaji, tazama rangi ya plagi. Zikiwa nyeupe, petroli ni kidogo; ongeza jeti saizi moja.