Hema milimani: Grand Teton, Yellowstone na Glacier kwa gari

Ukizuru hifadhi hizi tatu za taifa za Marekani kwa safari moja, anzia kusini. Barabara ya Going-to-the-Sun, inayokatiza hifadhi ya Glacier huko Montana, mara nyingi haifunguliwi yote mpaka mwishoni mwa Juni au katikati ya Julai, kwa kuwa theluji ya Logan Pass, sehemu ya juu kabisa ya barabara hiyo, lazima iondolewe kwa mashine. Ukipanga Grand Teton kwanza, kisha Yellowstone, halafu Glacier, unaipa theluji muda wa kuisha. Kuanzia 2026 pasi ya mwaka ya kuingilia hifadhi za taifa ni dola 80 kwa wakazi wa Marekani na 250 kwa wasio wakazi, kwa hiyo mkazi asisahau kitambulisho chenye picha kilichotolewa na serikali ya Marekani.

Pima gari kabla ya kukodi. Sehemu ya juu ya barabara hiyo ya Glacier hairuhusu gari lenye urefu unaozidi mita 6.4, tela likihesabiwa, wala upana unaozidi mita 2.4 pamoja na vioo vya pembeni. Kwenye pampu za mikoa hii ya milima utakuta petroli ya oktani 85 (namba inayoonyesha daraja la petroli). Ni ya bei nafuu, lakini magari mengi ya leo yanataka 87, basi weka 87. Kwenye mteremko mrefu shusha gia ili injini ndiyo ilizuie gari. Anayekanyaga breki mfululizo atasikia harufu ya kuungua kabla hajafika bondeni. Ndani ya Yellowstone barabara ya mzunguko ina kilomita 230 hivi na mwendo wa juu ni kilomita 72 kwa saa, lakini baisani (nyati wa Amerika) wakiamua kusimama katikati ya lami utasubiri mpaka waondoke wenyewe. Usijaribu kuumaliza mzunguko wote kwa siku moja.

Usiku wa Julai kwenye mita 2,400 juu ya usawa wa bahari joto linaweza kukaribia sifuri, na baridi kali hasa hutoka ardhini. Godoro la kujaza upepo la sebuleni ni kosa la kawaida: hewa iliyomo inazunguka na kukunyonya joto usiku kucha, hata ujifunike blanketi tatu. Chukua mkeka wa povu, au godoro la kambi lenye kizuia baridi ndani yake. Nyuzi zilizoandikwa kwenye mfuko wa kulalia mara nyingi ni kikomo cha kuvumilia, si cha kulala vizuri. Nunua ulioandikwa angalau nyuzi 6 chini ya baridi unayoitegemea. Pesa zikiwa haba, zitangulie kwenye mkeka.

Jikoni ndiko wengi wetu tunakwama. Kwenye mwinuko huo wa mita 2,400 maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, na maharage makavu yatakumalizia mtungi wa gesi yakiwa bado magumu. Yachemshe nyumbani, yagandishe kwenye mifuko bapa, uyapange chini ya boksi la barafu: yanapoza nyama kwa siku mbili za kwanza, kisha yanaliwa. Mchele uloweke nusu saa, ongeza maji kidogo, funika kwa nguvu na uweke jiwe juu ya kifuniko. Ugali unakubali, ila uache umefunikwa kwenye moto mdogo dakika chache zaidi, la sivyo utabaki na ladha ya unga mbichi. Dagaa waache nyumbani. Najua kuna watakaonuna, lakini harufu yake inakaa kwenye nguo, na dubu wana pua kali.

Kila chenye harufu kinalala kwenye sanduku la chuma la kambini, au ndani ya gari lililofungwa vioo pale kanuni za hifadhi zinaporuhusu: chakula, sufuria, sabuni, dawa ya meno, mafuta ya kujipaka, hata maganda ya ndizi. Nguo ulizopikia zisiingie hemani. Maji ya kuoshea vyombo yachuje. Makombo yaende kwenye pipa la taka, maji yamwagwe mahali palipotengwa.

Dubu na mbwa mwitu wakae mita 91 kutoka kwako, baisani na wengi wa wanyama wengine mita 23. Kopo la pilipili ya kupulizia dubu livaliwe mkandani, maana ndani ya begi halikusaidii kitu. Ng'oa kizuizi, lenga mbele ya dubu na chini kidogo, pulizia akiwa mita 9 hadi 18 kutoka kwako, ili aingie kwenye wingu lenyewe. Wengine huipulizia hema kama dawa ya mbu. Usithubutu, kwa kuwa mabaki yake yanaweza kumvuta dubu badala ya kumfukuza. Kopo hilo na mtungi wa gesi havipandi ndege, hata kwenye mizigo ya chini, kwa hiyo vinunue ukifika, na kabla ya kurudi waulize askari wa hifadhi mahali pa kuviacha.